Ukoo, sahani au kamera: ulinganisho kwa anayeogopa saratani ya utumbo mpana

Binamu yangu wa Wete, Pemba, ana miaka 29, anauza nguo, na baada ya kumzika mama yake aliweka pembeni fedha kidogo kwa ajili ya afya yake mwenyewe. Mama yake, ambaye kwangu ni shangazi, aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 46, na hakufika 49. Siku moja binamu alinipigia simu na swali ambalo, kwa namna alivyoliuliza, lilikuwa na majibu mawili tu: “Kaka, fedha hizi nizipeleke kwenye kipimo cha vinasaba, au niziache, nirudi kula kama alivyokuwa akila bibi?”

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika skuli ya sekondari, si daktari, na hilo ndilo lililokuwa jibu langu la kwanza. Hata hivyo niliendelea kulifikiria swali lake kwa wiki kadhaa, kwa sababu yeye amezaliwa na dada wa baba yangu, na linalomhusu yeye huenda likanihusu na mimi. Nilipolichunguza niliona kwamba limewekwa vibaya kidogo. Linaweka jeni upande mmoja wa mizani na chakula upande wa pili, kana kwamba kimoja kikipanda kingine lazima kishuke, ilhali vyote viwili hufanya kazi ndani ya utumbo uleule. Tena limeacha nje chaguo la tatu, yaani kipimo cha kamera ndogo inayoingizwa ndani ya utumbo mpana, ambacho kwa baadhi ya watu huokoa maisha kuliko hivyo viwili. Ninalinganisha hapa yote matatu, ili ionekane kwa nani kipi kitangulie.

Ugonjwa wenyewe si mdogo. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, pamoja na sehemu yake ya mwisho iliyo karibu na njia ya haja kubwa, na wapatao 900,000 walikufa kwayo. Kwa idadi ya wagonjwa ni ya tatu miongoni mwa saratani zote, na kwa vifo ni ya pili baada ya ile ya mapafu.

Kuuliza ukoo hakuna ada

Kabla ya kulinganisha gharama za vipimo, kuna kazi moja isiyolipiwa, nayo ni kuuliza nani katika ukoo aliugua nini na akiwa na umri gani. Nilipanda boti hadi Mkoani, nikaenda Wete kwa shangazi mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki na kumbukumbu za familia. Nilimkuta barazani na ungo wa choroko magotini, akitoa mawe. Nilimwamkia, nikakaa, nikafungua daftari. Nilipomuuliza bibi alikufa kwa nini, alinijibu bila kuinua uso: “Bibi yako tumbo lake la chakula lilikuwa zima, mwanangu. Yeye alikufa kwa kizazi.” Kisha akaeleza kwamba damu ilimrudia bibi miaka mingi baada ya kukoma siku zake, na kwamba hakuna aliyempima zaidi ya kumpa dawa. Kuhusu kaka yao mkubwa, ndugu wa baba na shangazi, alisema tu kwamba “utumbo uliziba” akiwa na miaka 57, akapasuliwa Unguja, na karatasi ya hospitali bado imo kwenye sanduku. Karatasi hiyo niliiona. Iliandika uvimbe wa saratani katika utumbo mpana, upande wa kulia.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu yalibadilisha jibu zima. Mwaka 1991 wataalamu walioitwa kwa jina la mji wa Amsterdam walikubaliana juu ya kanuni rahisi ya kuitambua familia yenye urithi mzito wa ugonjwa huu, na kanuni hiyo hukumbukwa kwa tarakimu tatu: ndugu watatu wenye saratani, vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50. Mwaka 1999 kanuni ilipanuliwa ikaingiza saratani nyingine zinazoandamana na urithi huo, ya mbele miongoni mwao ikiwa ile ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Hiyo si saratani ya shingo ya kizazi, ambayo husababishwa na virusi na haimo katika hesabu hii. Lakini katika mazungumzo yetu ya nyumbani zote mbili huitwa “kizazi”, na ndiyo maana inafaa kuuliza damu ilitoka lini na daktari aligusa wapi. Kwa binamu yangu, aliyedhani kwamba ana mgonjwa mmoja tu katika ukoo, hesabu ilifika watatu, ijapokuwa ule wa bibi hautathibitishwa kamwe.

Jambo la bawasiri nalo lisiachwe. Shangazi, mama wa binamu, alitibiwa bawasiri kwa miezi katika kituo kimoja kabla mtu yeyote hajamwagiza kipimo kingine. Damu kwenye choo mara nyingi huwa bawasiri kweli, lakini damu inayoambatana na kubadilika kwa mwenendo wa choo, kupungua uzito bila sababu au upungufu wa damu kwa mtu mzima haipaswi kutibiwa kwa kukisia.

Jeni nzito na jeni nyepesi

Watu husema “ipo kwenye damu” kana kwamba urithi ni wa aina moja. Zipo aina mbili zilizo mbali sana, na uchaguzi wa kipimo hutegemea kujua unazungumzia ipi.

Jeni nzito ni chache, nazo huchangia takriban asilimia 5 ya wagonjwa wote wa saratani hii. Inayojulikana zaidi ni hali iitwayo Lynch, kwa jina la daktari wa Marekani Henry Lynch aliyeielezea miaka ya 1960, ingawa familia ya kwanza ya aina hiyo ilikwisha kuandikwa na Aldred Warthin huko Michigan mwaka 1913. Katika hali ya Lynch, kasoro huwa kwenye moja ya jeni MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2, ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa ya kunakili vinasaba kila seli inapogawanyika. Mwenye kasoro hana saratani tangu kuzaliwa. Anachokosa ni msahihishaji, na makosa hujikusanya haraka kuliko kawaida. Kwa MLH1 na MSH2 uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana maishani hukaribia nusu. Mzazi mwenye kasoro humpa kila mtoto nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume.

Nyingine ni kasoro ya jeni APC, iliyotambuliwa mwaka 1991. Hii huotesha polipu, yaani vinyama vidogo kwenye ukuta wa utumbo, kwa mamia au maelfu tangu ujana, na asiyetibiwa karibu kila mara hupata saratani akiwa na miaka arubaini hivi. Ipo pia jeni MUTYH, ambayo huleta polipu nyingi pale tu mtoto anaporithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama. Naitaja kwa makusudi, kwa kuwa kwetu ndoa za mabinamu ni jambo la kawaida na la heshima, na urithi wa aina hii hupata nafasi zaidi wazazi wanapotoka katika ukoo mmoja. Silaumu ndoa hizo. Nasema tu kwamba katika familia kama hiyo ugonjwa unaweza kujitokeza kwa ndugu wa tumbo moja bila mzazi yeyote kuugua.

Jeni nyepesi ni kinyume chake. Ni tofauti ndogondogo, kila moja ikiongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, na karibu kila mtu anazo baadhi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, wa wagonjwa zaidi ya 100,000 na watu wasiougua zaidi ya 150,000, ulizikuta tofauti 205 za namna hii. Ukizijumlisha unapata alama moja ya hatari, na alama hizo sasa zinauzwa kwa mate yaliyotumwa kwa posta. Tatizo ni kwamba watu waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Kwa Mpemba au Mmakunduchi alama hiyo ni kama kofia iliyoshonwa kwa kichwa cha mtu mwingine, na binafsi nisingemshauri mtu wa kwetu atoe hata shilingi kwa ajili yake leo.

Kuna hesabu moja inayosaidia kuweka urithi mahali pake. Uchunguzi wa jozi 44,788 za mapacha wa Sweden, Denmark na Finland, uliochapishwa mwaka 2000, ulikadiria kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 35 ya tofauti za hatari ya saratani ya utumbo mpana baina ya watu. Sehemu kubwa iliyobaki inatokana na maisha na mazingira.

Sahani mbili

Inflamesheni ni ule mwako wa mwili unaouona kidole kinapochomwa na mwiba: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Ukija na kuondoka, ni ulinzi. Ukikaa kwa miaka, chini kwa chini bila maumivu, kemikali zake huharibu vinasaba na kuzihimiza seli zigawanyike wakati zilipaswa kutulia. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliuhusisha mwako huo na saratani tangu mwaka 1863, na tunajua leo kwamba watu wenye vidonda vya muda mrefu vya utumbo mpana hupata saratani yake zaidi kuliko wengine.

Chakula nacho huupandisha au huushusha mwako huu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina walitoa fahirisi, yaani orodha ya alama, iliyopitia makala 1,943 na kuvipa alama vipengele 45 vya mlo, kwa kutazama kama vinapandisha au kushusha viashiria vya inflamesheni katika damu. Mafuta yaliyoshiba, kama ya shahamu ya nyama, na mafuta yaliyogandishwa kiwandani hupata alama mbaya. Nyuzinyuzi, mafuta ya samaki, vitamini za mboga na matunda, kitunguu, thomu, tangawizi, manjano na chai hupata alama nzuri. Msomaji wa Pemba atafurahi kusikia kwamba miongoni mwa hivyo 45 yumo yujeno, ambayo ndiyo sehemu kuu ya mafuta ya karafuu. Asifurahi kupita kiasi, kwani fahirisi huhesabu kiasi kilicholiwa, na karafuu tano ndani ya chungu cha pilau cha watu kumi si kinga ya saratani. Majumuisho ya tafiti zilizotumia fahirisi hii yalionyesha kwamba wenye mlo wa kuwasha mwako zaidi walikuwa na hatari iliyozidi ile ya wenye mlo wa kuutuliza zaidi kwa takriban asilimia 40.

Sasa tuziweke sahani mbili mezani, zote za Zanzibar. Ya kwanza ni ya kijana wa mjini: asubuhi boflo jeupe na soseji mbili na chai ya sukari nyingi, mchana chipsi mayai na soda, usiku mishkaki iliyoungua pembeni na boflo jingine. Ya pili ni ile ambayo binamu aliiita ya bibi: asubuhi muhogo au shelisheli la kuchemsha na samaki wa jana, mchana wali kidogo, choroko za nazi na mchicha, usiku ndizi mbichi au viazi vitamu kwa mchuzi wa kibua, na embe au chungwa kwa msimu wake.

Tofauti ya kwanza ni nyama. Mwezi Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, iliziweka nyama zilizosindikwa kama soseji katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, ikikadiria kwamba kila gramu 50 kwa siku, kiasi cha soseji moja hivi, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya ng’ombe, mbuzi na kondoo iliwekwa katika kundi linalofuata, la vitu vinavyoelekea kusababisha. Pweza wa Forodhani si nyama nyekundu, kwa hiyo wapenzi wake watulie. Ila kipande cheusi kilichoungua kina kemikali zake, kiwe cha pweza au cha ng’ombe.

Tofauti ya pili, ambayo naiona kubwa kuliko ya kwanza ingawa hutajwa kwa nadra, ni nyuzinyuzi. Kikombe cha choroko zilizopikwa kina takriban gramu 15 za nyuzinyuzi, na kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Sahani ya bibi inafika huko bila kuhesabu, na sahani ya kijana haifiki hata nusu. Nyuzinyuzi hazimeng’enywi juu. Hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachua na kutengeneza butireti, asidi ndogo ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo na ambayo hutuliza inflamesheni hapohapo inapozaliwa. Kila gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku huendana na upungufu wa hatari wa takriban asilimia 10. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliyasema haya kwa msingi wake tangu mwaka 1971, baada ya kuona jinsi ugonjwa huu ulivyokuwa nadra kwa wagonjwa wake wa vijijini.

Je, sahani ya zamani ikirudishwa, utumbo hurudi? Mwaka 2015 ilichapishwa habari ya majaribio ambapo Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipandishiwa nyuzinyuzi kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku, na ndani ya siku hizo chache dalili za inflamesheni na za kugawanyika kwa seli kwenye ukuta wa utumbo zilishuka, huku butireti ikipanda zaidi ya mara mbili. Kwa Waafrika Kusini waliolishwa nyama na mafuta, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2025 yakaja majaribio ya karibu nasi zaidi, ya wanaume vijana 77 wa Kilimanjaro. Waliohamishwa kutoka vyakula vya asili kwenda vya Kimagharibi kwa wiki mbili walipandisha protini za inflamesheni katika damu, na waliofanya kinyume walizishusha, na baadhi ya mabadiliko yalikuwapo bado wiki nne baadaye. Haya yalipima mwako wa mwili, hayakupima saratani, na mtu asiyasome zaidi ya hapo.

Nakiri sahani ya bibi ina doa lake. Tui zito lina mafuta mengi yaliyoshiba, na fahirisi huliona kama kosa. Kwa maoni yangu tui la wastani juu ya choroko na mchicha halilingani na mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa tangu asubuhi hadi yakawa meusi, lakini mwenye uzito uliozidi alipunguze, kwa sababu mafuta yanayojaa tumboni yenyewe ni kiwanda cha inflamesheni.

Pale jeni na chakula vinapokutana

Mfikirie msahihishaji wa vinasaba kama fundi wa kuziba nyavu. Mlo wa kuwasha huchana nyavu mara nyingi zaidi. Mwenye fundi mzima huzibiwa usiku kwa usiku. Mwenye hali ya Lynch ana fundi mgonjwa, na kila mchano wa ziada ni wa hatari zaidi kwake. Hivyo ndivyo nadharia inavyosema, na ushahidi kwa kiasi unaiunga mkono.

Ushahidi wenye uzito unatoka kwenye majaribio ya watu 861 wenye hali ya Lynch, yaliyoongozwa na John Burn wa Uingereza. Waliokuwa wanene kupita kiasi walipata saratani ya utumbo mpana kwa takriban mara 2.4 ya wenye uzito wa kawaida, ilhali jeni mbaya walikuwa nayo wote. Waliopewa aspirini, dawa inayozima inflamesheni, miligramu 600 kila siku kwa miaka miwili, walipofuatiliwa kwa miaka 10 walipata saratani hiyo kwa asilimia 9, dhidi ya asilimia 13 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na kwa waliotumia aspirini ile ziada ya hatari iliyoletwa na unene haikuonekana. Aspirini kwa kiwango hicho inaweza kutoboa tumbo na kuleta damu, kwa hiyo ni jambo la daktari na si la duka la dawa.

Majaribio hayohayo yaliwapa baadhi yao gramu 30 kwa siku za wanga ambao haumeng’enywi juu, wa aina iliyomo katika ndizi ambayo bado ina ukijani. Wanga huo haukupunguza saratani ya utumbo mpana hata kidogo. Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba saratani za sehemu nyingine za mwili zilipungua kwa karibu nusu. Mtu anayetafuta habari za ndizi mbichi kwenye intaneti atakutana na nusu ya pili tu ya taarifa hii.

Uholanzi nako kumetoa majibu yanayovutana. Utafiti wa mwaka 2013 juu ya watu wenye hali ya Lynch uliona kwamba waliokula zaidi vitafunwa vya kukaanga na vyakula vya haraka walipata polipu kwa takriban mara mbili ya waliokula kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa nchi hiyohiyo walitumia fahirisi ya inflamesheni kwa watu wa aina hiyo, na hawakupata uhusiano ulio wazi. Nayaweka yote mawili mezani kwa sababu mwenye jeni nzito akiambiwa kwamba mlo utamlinda, anadanganywa.

Kwa jeni nyepesi mkutano upo pia. Mwaka 2014 ilionekana kwamba wenye tofauti fulani karibu na jeni GATA3, inayoongoza sehemu ya kinga ya mwili, walidhurika zaidi na nyama zilizosindikwa kuliko wasio nayo. Ni jambo la kuvutia kwa mwalimu wa baiolojia, lakini kwa mlaji halibadilishi kitu, kwa sababu soseji haipati sifa kwa kumdhuru mtu mmoja kidogo kuliko mwingine.

Kipi kitangulie

Kwa mtu asiye na mgonjwa yeyote katika ukoo, nachagua sahani bila kusita, kisha kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho anapofika umri wa miaka 45 au 50. Marekani walishusha umri wa kuanza hadi 45 mwaka 2021. Kipimo cha vinasaba kwake ni fedha iliyotupwa.

Mwenye mzazi au ndugu mmoja aliyeugua ana hatari karibu mara mbili ya kawaida. Sahani ni ileile, lakini kamera huja mapema: kama mgonjwa aliugua kabla ya miaka 60, miongozo mingi husema aanze kwenye miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa mgonjwa, ule utakaotangulia. Kwa hesabu hiyo binamu, kama mgonjwa angekuwa mama yake peke yake, angesubiri hadi miaka 36.

Lakini daftari la barazani lilimtoa katika kundi hilo. Kwa familia inayofuata ile kanuni ya tatu, mbili, moja, kamera huanza kati ya miaka 20 na 25 na hurudiwa kila mwaka mmoja au miwili, kwa sababu polipu ambayo kwa mtu wa kawaida huchukua miaka kama 10 kuwa saratani, kwa mwenye hali ya Lynch inaweza kuchukua mitatu au pungufu. Kamera pia haiishii kutazama. Daktari akiona polipu huiondoa palepale. Kipimo cha choo hakitoshi kwa kundi hili, na wala mchicha hautoshi. Kwa hiyo nilimwambia binamu kwamba fedha zake ziende kwenye kamera kwanza, na kwamba tayari amechelewa kwa miaka minne.

Kipimo cha vinasaba kina nafasi yake kwa familia kama yetu, ila kina mlango wake. Kumpima mzima kabla ya mgonjwa ni kutafuta kosa la herufi moja katika kitabu bila kujua ukurasa. Asipokutwa na kitu, hujui kama amesalimika au kosa halikuonekana. Njia bora ni kuanzia kwenye kipande cha uvimbe wa mgonjwa, ambacho maabara huhifadhi ndani ya nta, kikapakwa rangi za kuonyesha kama protini za zile jeni nne za usahihishaji zipo au mojawapo imekosekana. Ikikosekana, jeni ya kutafutwa inajulikana, na ndugu wote waliobaki hupimwa kwa swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana. Tunafuatilia sasa kama kipande cha shangazi kingalipo, kwa namba iliyo kwenye karatasi zake.

Binamu alikuja Unguja, akanywa ile dawa ya kusafisha utumbo usiku kucha huku akinilalamikia kwamba ni mbaya kuliko shubiri, na asubuhi akapigwa kamera. Walimwondoa polipu moja, upande wa kulia, ndogo kuliko punje ya choroko. Amepewa tarehe ya mwakani. Soseji ameacha, ingawa chipsi bado anazijadili.

Imebaki zamu yetu sisi. Baba ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na shangazi, na kama kasoro ilitoka kwa bibi, ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo. Kama hana, basi mimi na wadogo zangu hatuwezi kuwa tumeirithi kwake. Kwa hiyo jibu la maabara likitoka, anayetangulia kutoa damu ni yeye. Ana miaka 71, na tumekwisha kumweleza. Anasema tumbo haliwahi kumuuma, lakini amekubali kwenda, mradi aende siku isiyo ya Ijumaa.